Viatu vya Buluu Kwenye Ngazi ya Pango

Kila Jumamosi Chiriku alifuatana na shangazi yake kazini. Shangazi alikuwa mwongoza watalii. Wageni waliupenda ufuo ule wa jua kali: waliona mnara wa taa, wakapita kwenye ngome kuukuu, wakamalizia pangoni, mahali pasipoingilika ila maji yakipwa. Hapo kila mgeni alivua viatu kwenye ngazi, na Chiriku akavipanga. Jozi ikibaki, basi kuna mtu hajatoka.

Jina la Chiriku hakulipata bure. Mtoto yule angeweza kumuuzia samaki mwavuli.

"Pango lina chumba kimoja," shangazi aliwaambia wageni siku hiyo. "Mtaona miamba na popo, basi."

Bibi mmoja mwenye kofia pana alikunja uso. "Safari yote hii, popo tu?"

Chiriku akaona aibu kwa niaba ya pango. Akamnong'oneza, "Bibi, shangazi anaficha. Kule mwisho kuna tundu. Ukipenya, unakuta dimbwi la samaki wanaowaka kama taa."

"Wewe! Umewaona?"

"Mmoja alinikonyeza."

Tundu lilikuwepo kweli, na nyuma yake upenyo mwembamba tu. Samaki ndio hawakuwepo.

Wageni walipotoka, mawimbi yalikuwa yakilamba ngazi ya chini. Kila mtu alivaa viatu vyake. Vikabaki vya buluu.

Shangazi alichungulia pangoni. Chumba kitupu.

"Ni vya yule bibi wa kofia," mgeni mmoja akasema. "Alikuwa akitaka kuuona tena mnara. Labda amekwenda peku."

"Mwokoaji, kimbia mnarani!" shangazi akamwita kijana aliyelinda waogaji pale ufuoni.

Chiriku akavitazama vile viatu vya buluu. Mkubwa wa ufuo alikwisha kuonya: atakayepoteza mgeni kwa uzembe atafukuzwa kazi. Akisema, shangazi atafukuzwa. Asiposema... Wimbi likapanda ngazi ya pili.

"Shangazi, hayuko mnarani! Yuko nyuma ya tundu. Nilimdanganya kuna samaki wanaowaka."

Shangazi hakugomba. Alipuliza filimbi, mwokoaji akarudi mbio, akajifunga kamba kiunoni na kuzama gizani.

"Shika kamba nyuma yangu, usiachie!" shangazi akasema.

Kamba ikakaza, ikalegea. Maji yakamfika Chiriku magotini. Kisha kofia pana ikaelea nje, peke yake.

"Bibi!" Chiriku akalia.

Kamba ikatikisika mara mbili. "Vuta!" shangazi akasema. Wakavuta mpaka viganja vikachubuka. Mwokoaji akatokea, bibi mgongoni.

"Mguu ulinasa kwenye ufa," mwokoaji akasema akihema.

Bibi akatema maji ya chumvi, akamtazama Chiriku. "Samaki wako hawapo nyumbani, mjukuu wangu."

"Nisamehe, bibi. Hawakuwepo tangu mwanzo."

Mkubwa wa ufuo alifoka hadi masharubu yakasimama. Lakini aliposikia jinsi bibi alivyopatikana, alimwachia shangazi kazi yake.

Walipobaki wawili, shangazi akasema, "Ungenyamaza kwa ajili ya kazi yangu, tungekuwa msibani. Umefanya vyema kusema. Hadithi zako tusimulie nyumbani, tutacheka. Hapa mgeni hajui njia. Anakanyaga pale tunapomwambia, kwa hiyo mwambie kweli, hata kama haipendezi."

Jumamosi iliyofuata, Chiriku ndiye aliyesimama mbele ya wageni.

"Pango lina chumba kimoja."

"Kimoja tu?" kijana mmoja akaguna.

"Kimoja tu, kaka. Na maji yakijaa, hata hicho hakipo."