Damu Zetu Haziendani

Pale dukani, kwenye foleni ya kulipia, jioni ile ambayo kila mtu ana haraka, simu ya fundi mmoja wa mapazia ilipiga kelele mpaka mlinzi akasogea akidhani kuna kitu kimeibwa.

"Kaka, wewe ni mtu au gari? Mbona unalia ukiguswa?" akauliza dada aliyekuwa nyuma yake. Huyo alikuwa msusi. Kavaa gauni la njano, chanuo bado limechomekwa nyweleni, wala habari hana.

"Ni sukari," fundi akasema, jasho linamtiririka. "Nimebandikwa kidude mkononi, kinapima chenyewe. Ikishuka, kinaiambia simu."

Msusi hakungoja. Akafungua juisi yake, hata hajailipia, akamtia mkononi. "Kunywa kwanza. Mlinzi niachie mimi."

Basi, mambo yakaanzia hapo. Simu asubuhi, simu mchana. "Umekula, roboti wangu?" "Nimekula, malkia." Wakafika mahali pa kushinda Jumapili kwenye kochi la msusi, runinga inaongea peke yake, naye amelaza kichwa kwenye mkono wa kushoto wa fundi, nywele zinanukia mafuta.

Sasa hapo ndipo kilipoingia kizaazaa. Kila akilala hivyo, haupiti muda, simu pii, pii, pii! Sukari imeshuka. Fundi anaruka, anabugia biskuti. Jumapili nyingine, yale yale. Lakini kazini, yuko na mapazia yake kutwa nzima, kimya. Kwa msusi tu ndio kelele! Na zile biskuti nazo hazikumwacha salama. Kesho yake sukari iko juu, kiu haiishi, macho yana ukungu, mpaka pazia la mteja akalikata likawa kama taulo.

Akawaza, akawazua. Huyu mwanamke ana nini? Akaanza kukaa kiti cha mbali.

"Nanuka?" msusi akauliza.

"Hapana, mpenzi."

"Basi njoo."

"Hapa pana... pana upepo."

Mwishowe akampigia simu amweleze, maskini, kwa moyo mweupe kabisa. "Mpenzi, nimefikiri sana. Naona damu zetu haziendani."

"Rudia," msusi akasema.

"Damu zetu. Nikiwa na wewe, yangu inaharibika."

"Ungesema tu umenichoka!" Simu ikakatwa.

Fundi akabaki anaikodolea macho. Kuchoka kumetoka wapi tena? Yeye kasema damu, damu hii ya kwenye mishipa! Akapiga, haipokelewi. Akapiga tena, imezimwa.

Akaenda kliniki kwa nesi aliyembandika kile kidude, akamwaga yote. Nesi akacheka mpaka akashika meza.

"Anakulalia mkono upi, kaka yangu?"

"Huu."

"Wenye kidude?"

"Ndiyo."

"Sasa si anakikandamiza! Kikibanwa kinasoma chini hata kama sukari haijashuka. Kikilia na mwili hausikii kitu, toboa kidole uhakikishe. Biskuti zote hizo umekula bure."

Fundi hata kuaga hakuaga vizuri. Akaingia saluni anahema, nyuzi za mapazia zimemganda suruali nzima. Msusi yuko na kichwa cha mteja, hakuinua macho.

"Umefuata nini? Damu?"

"Ni kichwa chako!"

"Ehe, leo ni kichwa changu!"

"Kinakandamiza kidude, kidude kinadanganya! Mimi nilisema damu ya sukari, sio... Jamani, nakupenda, nimechanganyikiwa tu. Nioe. Yaani, nikuoe!"

Mteja akashindwa kuvumilia. "Dada, mjibu huyu mtu. Hasira za kwake unazimalizia kwenye nywele zangu."

Msusi akabana midomo asicheke. "Mkono wa kulia una nini?"

"Hauna kitu."

"Basi huo ni wangu. Kaa pale nimalize kichwa hiki, tukamwambie mama."

Fundi akakaa, mkono wa kulia kaunyoosha juu ya kiti cha pili, asije mtu mwingine akakikalia.