Kibiriti cha Fundi wa Tanuri

Soko lilikuwa limefurika, na muuza vitambaa, gauni lake la njano limebanwa kiunoni kwa mkanda, alikuwa akimpimia mteja. Mwanamume mmoja akajipenyeza bila salamu, akachomoa uzi kwenye jora la viskosi, kitambaa cha nyuzi za miti, akawasha kibiriti na kuuunguza pale pale mezani. Mwenye meza alimmwagia maji ya kunywa mkononi.

"Ukitaka kuchoma vitu, kachome kwenu."

"Unanuka kama karatasi," alisema yule mtu, akiunusa moshi bila haya. "Basi ni viskosi kweli. Nipe jora zima."

Ndivyo muuza vitambaa alivyomjua fundi wa tanuri. Kwa simu, maana fundi alipiga kila jioni bila kuchoka, alimweleza kazi yake: kitambaa kinalowekwa dawa, kinaokwa kwenye tanuri lisiloingiza hewa mpaka kiwe kaboni tupu na bado kibaki kitambaa, kisha mvuke unakitoboa vitundu visivyoonekana, vya kunasa uchafu wa maji. Poliesta, yaani nyuzi za plastiki, ikichanganyika humo, inayeyuka na kuacha madonge magumu. Tanuri likifunguliwa kabla halijapoa, hewa inaingia na kila kitu kinakuwa majivu. Fundi alimwita mtesi wangu, naye binti akamwita mchoma nguo, wakapendana kwa kurushiana maneno hivyo hivyo, hadi shangazi aliyemlea binti huyo akasema huyo mtu aletwe aonekane.

Alikuja kwa shangazi amechelewa, shati limechomekewa vibaya, na chakula alikidonoa tu. Asubuhi yake akatokea sokoni na sura nyingine kabisa, bosi wake nyuma ameshika mfuko.

"Huyu ndiye aliyetuuzia kitambaa kilichochanganywa na poliesta," fundi alisema, majirani wote wa meza wakisikia. "Mzigo mzima umeharibika."

Mteja aliyekuwa anachagua alirudisha pochi mkobani. Muuza vitambaa alihisi uso unawaka. Jina lake ndilo lililokuwa mtaji wake, na aliyelipaka matope ni yule aliyekaa mezani kwa shangazi jana. Alimchukia kwa chuki ambayo hakujua anayo.

Aliunyakua ule mfuko, akatia mkono ndani. Majivu matupu, laini, yakimteleza vidoleni.

"Madonge yako wapi?"

Fundi alinyoosha mkono kuuchukua mfuko.

"Nakuuliza wewe. Jana nilikupigia, ukasema unafungua tanuri unakuja. Lilikuwa limepoa?"

"Ulipiga tena na tena," alisema kwa sauti ya chini. "Shangazi alikuwa anasubiri. Ningefanyaje?"

"Ungechelewa zaidi. Sasa waambie hawa, kwa sauti ile ile."

Aliwaambia. Alisema kitambaa kilikuwa safi, yeye ndiye aliyefungua tanuri likiwa moto, na aliogopa kufukuzwa. Bosi alimfukuza hapo hapo na kuondoka. Majirani wakarudi kwenye biashara zao kana kwamba hawakuwa wakisikiliza.

"Nimekukosea, mtesi wangu."

"Usiniite hivyo."

Muuza vitambaa alichomoa uzi kwenye pindo la shati la kazi la fundi, akamtolea kibiriti mfukoni, akauwasha. Uzi ulijikunja, ukayeyuka, ukaganda kuwa kidonge cheusi, kama poliesta yoyote.

"Hilo shati ni la kampuni," fundi alijitetea.

"Karudishe. Halafu uende kwa shangazi ukamweleze ulichonifanyia, mwenyewe, bila mimi." Alimrudishia kibiriti chake. "Akikufungulia mlango, nipigie. Sijasema nitapokea."