Nyanya Hudumu Kivulini

Kila asubuhi Sindano, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, aliosha vyombo, akampelekea Bibi chai, kisha akakimbilia shuleni kabla kengele haijalia. Hakuwahi masomo. Aliwahi ukuta.

Kwenye ukuta wa darasa kila mwanafunzi alibandika karatasi ya utafiti wake. Aliyetumia utafiti wa mwenzake alipaswa kuutaja, na kila ulipotajwa, mwalimu wa sayansi aliuwekea nukta nyekundu. Mwenye nukta nyingi kuliko wote angepelekwa likizo kwenye kituo cha utafiti wa mbegu, akavae koti jeupe na kuchungulia hadubini. Sindano alilitamani koti hilo mpaka akaliota.

Utafiti wake uliitwa "Nyanya Hudumu Kivulini". Aliweka nyanya nyingine dirishani juani, nyingine chini ya kitanda, akaona za juani zikitangulia kuoza. Ilikuwa kazi safi, ya jasho lake. Lakini ilipata nukta moja tu, tena kutoka kwa Kobe, msichana anayechelewa hata kupiga chafya.

Ndipo akaja Spika, ambaye akinong'ona anasikika mtaa wa pili.

"Shoga, nukta haziji kwa kusubiri. Sisi tuna umoja wetu. Nitaje, nikutaje."

"Hata kama sijakusoma?"

"Kwani salamu husomwa? Unasalimiwa, unaitikia!"

Sindano akaingia. Karatasi yake ya nyanya ikaanza kutaja mpira, ususi na usingizi wa paka. Nukta zikamtoka kama surua. Siku moja aliona haya, akataka kujitoa.

"Toka," Spika alimwambia, "na nukta zetu tunatoka nazo. Ubaki na ile ya Kobe."

Akabaki.

Kisha Spika akabandika utafiti wake mpya, "Kuwatunza Wazee Wetu". Humo alilipa deni la kutaja: "Sindano amethibitisha kuwa nyanya hudumu kivulini." Sindano alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Yeye nyumbani humwita mama wa baba yake Bibi, lakini akina Spika humwita bibi yao Nyanya. Spika alisoma kichwa tu, akakibandika kwenye mwili mwingine!

Nukta zingehesabiwa Ijumaa. Sindano akaliacha kosa hilo lilivyo.

Alhamisi jioni Bibi alirudi kutoka kwa akina Spika akiwa amekunja uso.

"Rafiki yangu nimemkuta nyuma ya nyumba, karibu na mapipa, anatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Magoti yake yanataka jua, nao wamemhamishia kivulini! Namuuliza mkwewe kulikoni, ati utafiti umethibitisha kuwa nyanya hudumu kivulini. Kauona ukutani shuleni, una nukta nyingi kuliko tafiti zote. 'Mama, wote hao hawawezi kutaja uongo,' ananiambia." Bibi alivuta kiti. "Kesho watasema tupangwe kwenye kapu, tusigusane. Sijui ni mpumbavu gani aliyeandika."

Sindano alijiona kama kuku ndani ya tenga: kila upande anaona nje, kila upande fito. Akisema, koti limekwenda na Spika atamnunia. Asiposema, ajuza wa watu anatetemeka kwa jina lake.

"Bibi," alisema Sindano, "huyo mpumbavu ni mimi."

Akaeleza yote. Bibi alicheka mpaka kanga ikamlegea. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Vaa viatu. Twende."

Huko Bibi alimwinua rafiki yake, naye Sindano akabeba kiti mpaka ukuta wa mbele wa nyumba, palipobaki jua kidogo la jioni. Alimweleza mama yake Spika kwamba yeye aliandika habari za nyanya za kupikia mchuzi. Spika alikuwa amesimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, spika ilikatika umeme.

Kesho yake Sindano alisimama kabla nukta hazijahesabiwa, akarudia maneno yale mbele ya darasa, akaeleza na umoja wao wa kutajana. Mwalimu alitazama nukta zake, akatazama wanafunzi.

"Nani aliusoma utafiti huu mpaka mwisho?"

Mkono mmoja tu ulipanda, polepole sana: wa Kobe.

"Niliusoma, nikaujaribu. Kwetu chini ya kitanda pana unyevu, za kivulini ndizo zilizooza kwanza. Nimemtaja, lakini nimembishia."

Mwalimu alizibandua nukta moja baada ya nyingine, ikabaki ile ya Kobe.

"Na mimi nimekosa," alisema. "Nilihesabu mliotajana, sikusoma mlichosema. Debe tupu haliachi kuvuma, na mengi yakivuma pamoja hudhaniwa ngoma. Wanangu, kutajwa sana si kusema kweli. Anayekusoma akakubishia amekuheshimu kuliko mia wanaokutaja kwa kulipana. Koti atavaa Kobe."

Machozi yalimlenga Sindano, lakini kifua kilikuwa chepesi, kama cha kuku aliyefunguliwa tenga.

Baada ya masomo alipitia kwa akina Spika. Ajuza alikuwa juani, amenyoosha miguu, na Spika amechutama akimsugua magoti.

"Shikamoo, Nyanya. Nisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe," alijibu, amefumba jicho moja. "Ila siku nyingine mkitaka kunitaja, mnisome kwanza. Haya, mwingine ashike goti la pili!"