Pakiti Mia za Tausi

Kila alasiri Mwamvua alipotoka shule aliweka mkoba wake, akaenda bombani kuteka maji, kisha akaketi mkekani kumtungia mama yake uzi kwenye sindano. Mama yake, Bi Saleha, alishona kanzu na magauni ya watoto kwa mkono, na macho yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu. Nyumba yao ilikuwa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, mjini Tanga. Mwaka huo, 1957, Mwamvua alikuwa na miaka kumi na miwili.

Baba yake, Uweso, alikuwa kuli bandarini. Alibeba marobota ya katani kutoka ghalani hadi kwenye matishari yaliyopeleka shehena melini, na kila jioni alirudi akikohoa. Bwana Methusela, Mbondei aliyekuwa dresa, mfunga vidonda na mtoa dawa wa zahanati, alimpima kifua akamwambia wazi kwamba mapafu yake yanaharibika, na kama haachi sigara hatamwona binti yake akiolewa. Dresa huyo alikuwa pia ameandika tangazo kwa mkono wake na kulibandika ukutani mwa zahanati: TUMBAKU HUHARIBU MAPAFU.

Uweso aliahidi kuacha siku ya kwanza ya Ramadhani. Alisema kwamba anayeweza kukaa bila sigara kutoka alfajiri hadi magharibi anaweza pia kukaa bila sigara kutoka magharibi hadi alfajiri. Ramadhani ilipoandama alitimiza ahadi, na kikohozi kikaanza kupungua.

Lakini kabla ya mfungo, Jumamosi moja ya mwezi wa Shaabani, lori lililochorwa tausi mkubwa lilikuwa limefika kwenye uwanja wa shule. Juu yake alisimama Bwana Kombo, mtangazaji wa kampuni ya sigara, amevaa suti nyeupe, ameshika kipaza sauti. Watoto walipewa mapulizo. Wanaume walipewa sigara za bure, za jina hilohilo la Tausi. Mwalimu mkuu alipewa mpira mpya wa ngozi, na tangu siku hiyo somo la afya halikutaja tena tumbaku.

Kisha Bwana Kombo akafunua turubai. Chini yake palikuwa na cherehani nyeusi, mpya, inayong'aa. Alitangaza kwamba mwanafunzi atakayeleta pakiti mia moja tupu za Tausi siku ya Idd ataichukua nyumbani.

Mtu mmoja akauliza habari za tangazo la dresa. Bwana Kombo akacheka.

"Dresa hufunga vidonda, hakusomea udaktari," alisema. "Wataalamu wenyewe huko Ulaya bado wanabishana. Ngojeni wakubaliane. Kwa sasa, stareheni."

Asubuhi yake tangazo la Bwana Methusela lilikuwa limefunikwa na picha ya rangi: daktari mwenye koti jeupe, anatabasamu, sigara ya Tausi mkononi. Dresa akaibandua. Kesho yake ikawekwa nyingine.

Mwamvua hakufikiri habari za matangazo. Alifikiri habari za cherehani. Aliona mama yake akichomwa na sindano vidoleni huku nguo za Idd za watoto wa watu zikimsubiri, akaapa kwamba pakiti hizo atazipata.

Ramadhani haina wavutaji mchana, kwa hiyo alizunguka barazani mara tu watu walipomaliza kufuturu. Aliwaamkia wazee kwa adabu, shikamoo mmoja mmoja, kisha akawaomba waache sigara zao nyingine wavute Tausi. Aliwafundisha hata namna ya kuikunja pakiti, upande kwa upande, ili picha ya tausi isivunjike.

"Huyu mtoto ni wakala," alisema mjomba wake Msafiri. "Mimi nilikuwa navuta msokoto wangu kwa amani. Sasa nimevishwa manyoya ya tausi kwa ajili ya cherehani ya dada yangu."

Watu walicheka, na walivuta. Mwamvua alijivuna. Kufikia siku ya kumi na tano alikuwa na pakiti themanini na mbili, kisha mkondo ukakatika. Kila baraza ilikuwa imempa ilichokuwa nacho. Jioni moja alirudi nyumbani akilia, akamweleza baba yake kwamba amekwama. Uweso alimpangusa machozi.

Asubuhi alikuta pakiti moja tupu chini ya mto wake. Siku ya pili alikuta mbili. Aliisikia harufu ya moshi kwenye kanzu ya baba yake, lakini hakuuliza, kwa sababu aliogopa jibu. Ilipofika siku ya ishirini na sita alikuwa na tisini na tisa.

Siku ya ishirini na saba Uweso alianguka ghalani na robota mgongoni. Makuli wenzake walimbeba hadi hospitali, midomo yake imegeuka rangi. Mwamvua na mama yake walipofika wodini, muuguzi aliwapa shati lake. Mfukoni mlikuwa na pakiti mbili za Tausi. Moja ilikuwa na sigara tatu. Nyingine ilikuwa tupu, imekunjwa upande kwa upande, na picha ya tausi haikuvunjika.

Bi Saleha alizitoa pakiti, akalikunja shati. Bwana Methusela, aliyekuja kumtazama mgonjwa wake, alizitazama pakiti zile.

"Alikuwa anapona," alisema. "Wiki mbili zaidi angekuwa amepona."

Siku ya Idd uwanja ulijaa watoto wenye nguo mpya. Lori lilikuwepo, cherehani ilikuwepo, na mpiga picha pia alikuwepo. Mwamvua alipanda na gunia lake. Bwana Kombo akatangaza kwamba huyu ndiye mshindi, akamwinamia na kipaza sauti aseme alivyofurahi.

"Kumi na nane za mwisho ni za baba yangu," Mwamvua alisema. "Yuko hospitali. Hawezi kupumua."

Bwana Kombo hakubabaika. Kazi yake ilikuwa kutobabaika. Alisema pole sana, kisha akaeleza kwamba vumbi la katani ni baya, na mvua za masika ni mbaya, na wataalamu hawajakubaliana. Akamshika Mwamvua bega, akamgeuza ili mpiga picha apate kumpiga picha.

Mwamvua akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile pakiti yenye sigara tatu.

"Zimebaki hizi. Nimalizie wewe, bwana."

"Hapana, binti, mimi sivuti," alisema Bwana Kombo upesi. "Kifua changu hakipatani nayo."

Alikuwa amesahau kipaza sauti mkononi mwake. Maneno yale yalikwenda mpaka barabarani. Mjomba Msafiri, aliyekuwa mbele kabisa, aliitoa sigara mdomoni akaitazama kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Rudia, bwana," alisema. "Kifua chako hakipatani na nini?"

Bwana Kombo hakurudia. Mwamvua alishuka na gunia lake, akaiacha cherehani pale ilipo. Ilimuuma, na angekuwa mwongo kama angesema haikumuuma.

Siku hiyohiyo alikwenda zahanati akaomba wino. Alizifungua pakiti zote mia, kwa sababu ndani yake ni nyeupe, na wanafunzi wenzake wakaja kumsaidia. Juu ya kila moja waliandika: BABA YANGU ALIVUTA SIGARA HII. YUKO HOSPITALI. ANAYEIUZA HAVUTI. Bwana Methusela alisahihisha herufi. Kisha Mwamvua alizunguka kila baraza alikoomba, akawaomba radhi wazee, akabandika moja ukutani. Watu wa lori walibandua kumi, labda ishirini. Hawakuweza kubandua mia. Mwalimu mkuu aliurudisha mpira wao, ingawa kwa kuchelewa, na somo la afya likafundishwa kama zamani.

Uweso alirudi nyumbani masika yalipokwisha. Hakuweza tena kubeba marobota. Alipewa kazi ya kufungua na kufunga ghala, na sigara hakuigusa tena. Siku ya kwanza Mwamvua aliketi miguuni pake, hakuweza kuinua uso.

"Ni mimi niliyekuumiza, baba."

"Ulikosea kuziomba, na ukakosea kutouliza ulipoisikia harufu," Uweso alisema. Alipumzika ili avute pumzi. "Mimi nilikosea zaidi, kwa kuwa ni mtu mzima. Lakini watu wa Tausi hawakukosea. Walikusudia. Yule bwana angeniletea pakiti mkononi, ningeitupa baharini, na alijua hivyo. Basi alinitumia mtu nisiyeweza kumnyima kitu. Mtu akikuahidi zawadi, mwanangu, uliza kwanza inatoka mwilini mwa nani."

Bi Saleha, aliyekuwa akisikiliza na kanzu mapajani, alimnyooshea binti yake sindano na uzi. Mwamvua alipangusa macho ili aone tundu, akatunga.