Mihogo Michungu ya Risper

Risper anaishi juu kidogo ya mji wa Sori, kando ya ziwa. Kila asubuhi hufagia uwanja, huomba, kisha huenda kijitoni kuchota maji. Mumewe alipofariki alimwachia shamba. Nusu ya shamba hilo ilikuwa mihogo michungu. Ilizaa sana, lakini hakuna aliyeila. Watoto waliowahi kuichoma na kuila walipata kizunguzungu wakatapika. Basi Risper alipanga kuing'oa yote.

Katika nyumba ndogo ndani ya boma la Risper aliishi Nabintu na watoto wake wawili. Nabintu alikimbia vita Kongo, akapita Tanzania, akafika hapa. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa sawa, na chifu alizijua. Alikutana na Risper kanisani. Majirani walimwita Nyar Kongo, yaani binti wa Kongo. Wengine walimwita hivyo kwa upendo. Wengine walimwita hivyo ili asisahau kwamba si wa hapa.

Kazi yake ilikuwa kufulia watu nguo. Lakini wakati wa kiangazi watu hufua kidogo, na watoto hula kidogo.

Siku moja alimkuta Risper shambani na jembe, akamzuia.

"Mama, unaitupa? Kwetu hii ndiyo bukari."

"Bukari ni nini?"

"Ni ugali. Mweupe, unavutika. Mihogo inalowekwa kwanza, sumu inatoka."

Wakapatana. Risper angetoa mihogo, Nabintu angefanya kazi, na unga wangegawana. Nabintu alimenya, akajaza magunia, akayalaza kwenye kidimbwi cha kijito na kuweka mawe juu. Ndivyo mama yake alivyokuwa akifanya kwao Kongo.

Lakini mto wa kwao ni mkubwa, unakwenda mbio usiku na mchana. Kijito hiki, jua likizidi, maji yake husimama. Hilo Nabintu hakulifikiria, wala Risper hakulifikiria.

Ng'ombe wa Javan alikunywa pale. Javan ni mdogo wa marehemu mume wa Risper. Ng'ombe wake ni huyo mmoja tu, na alikuwa na mimba. Alipanda kutoka kijitoni akiyumba, akaanguka. Alihema mbio, povu likimtoka mdomoni.

Javan alimpigia simu daktari wa mifugo. Mungu ni mwema, daktari alikuwa karibu, akichanja ng'ombe sokoni. Lakini kabla hajafika, watu walikuwa wameyaona magunia majini. Mmoja akasema hiyo ni dawa ya Kongo. Mwingine akasema alijua tangu zamani kwamba mwanamke yule ana kitu. Mzee wa kijiji, Boaz, akaitwa.

"Shemeji," Javan alimwambia Risper mbele ya wote, "huyu mgeni wako aondoke kwa boma ya ndugu yangu. Leo."

Hakuna aliyemwona Nabintu akiyaweka yale magunia. Angeweza kunyamaza. Alisogea mbele, watoto wakiwa wameshika leso yake.

"Magunia ni yangu. Niliyaweka mimi. Sikujua yatadhuru."

Watu wakanung'unika. Boaz alisema ni heri afunge vitu vyake mapema, kabla hasira haijawapanda vijana. Risper akamshika Nabintu mkono.

"Mzee, hata mtoto Yesu alikimbilia Misri, na watu wa Misri wakampa mahali. Tungoje daktari. Tujue kwanza ni nini, halafu mseme."

Daktari Nyarangi alifika kwa pikipiki. Alimtazama ng'ombe, akanusa maji, akaangalia magunia. Hakuuliza mengi. Alimdunga ng'ombe sindano kwenye mshipa wa shingo, polepole. Kisha akanawa mikono, akazungumza.

"Huyu hakurogwa. Mihogo michungu ina sumu ndani yake. Ukiiloweka, sumu inatoka kwenye mhogo na kuingia kwenye maji. Mama huyu anajua kuitoa. Alikosea tu mahali pa kuipeleka."

"Kwa hivyo tuache mihogo?" Risper aliuliza.

"Kwa nini? Tafuteni mapipa yenye vifuniko. Loweka humo mpaka mhogo ulainike kabisa, siku tatu au nne. Maji yake mwaga kwenye shimo, mbali na kijito na mbali na kisima, kisha zungushia miiba. Mhogo uanike juani hadi ukauke na kuvunjika mkononi, ndipo usage." Akamgeukia Javan. "Na wewe, maganda mabichi ya mihogo unatupa wapi?"

"Nyuma ya jikoni."

"Wale mbuzi wako waliokufa mwaka jana walikuwa wanakula wapi?"

Javan aligeuka kutazama upande wa kwake. Mtu mmoja nyuma akasema, "Omera, ndugu yangu, na ulisema ni jirani aliyewaroga." Watu wakacheka, na hasira ikapoa kidogo.

Alasiri ng'ombe alisimama. Boaz akatoa neno lake: Nabintu akae, ila gunia lisirudi kijitoni. Nabintu aliingia majini kuyatoa magunia, Risper akashika upande wa pili. Kwa siku kadhaa watu walichota maji upande wa juu wa kidimbwi, mpaka maji ya sumu yalipotekwa yote na kumwagwa mbali, kidimbwi kikajaa maji mapya.

Mapipa yalipatikana. Shimo lilikuwa bado. Asubuhi moja Javan alikuja na jembe lake, akaanza kuchimba bila salamu.

"Sikuja kwa ajili yenu," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya ng'ombe."

Sasa akina mama wengine huleta mihogo yao michungu. Nabintu huwaonyesha namna ya kuimenya na kuiloweka, nao humfundisha Kijaluo. Risper hulinda mapipa. Mtu akiwa na njaa hutaka kutoa mhogo kabla haujalainika. Risper hamruhusu, hata awe nani. Unga huuzwa Sori, na Nabintu hafui tena nguo za watu. Watoto wake hula mchana na jioni.

Mvua ziliponyesha, ng'ombe wa Javan alizaa. Ndama alipopata nguvu, Javan alikuja na kibuyu cha maziwa. Alipita mlango wa Risper, akasimama kwenye mlango wa nyumba ndogo.

"Nyar Kongo, hodi. Mke wangu anasema hiyo bukari yenu haiteremki bila maziwa."

Nabintu alikipokea kibuyu kwa mikono miwili.

"Ero kamano, shemeji," alimshukuru kwa Kijaluo.

Javan alimtazama. Hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kumwita shemeji. Kisha alivuta kigoda, akaketi, akangoja Nabintu achemshe maziwa na kusonga bukari.