Kope Zinazoanguka Mchana

Valérie aliuza beignets, maandazi ya mafuta, kando ya barabara kijijini Kashebere. Kila habari ya kijiji ilipita kwanza kwenye karai lake la mafuta: nani ameoa, nani ametoroka, nani amegombana na mama mkwe. Siku hizi habari ilikuwa yeye mwenyewe.

"Mama Falone, ni saa nane tu, uko unasinzia! Kasiksi ya wapi hiyo? Utuonyeshe nasi!" walimcheka wateja.

Hakuwa mlevi. Asubuhi aliamka mzima. Jua likipinduka, kope zilishuka zenyewe. Jioni taya lilichoka kutafuna, na chai ikamtokea puani. Alificha, kwa sababu alijua. Dada yake Mapendo, aliyeishi Buleusa, alianza vile vile. Mwaka jana Mapendo alipata malaria, na Valérie mwenyewe akamsihi muuguzi wa kule amtundikie chupa ya kinini. Chupa haikuisha, pumzi ilikatika. Msibani watu walinong'ona: karuho, sumu ya wenye wivu. Valérie aliamini, kama wote.

"Sasa karuho imefika kwako," alisema mumewe Isidore. "Kesho tunaenda kwa ule muganga mwenye kutapisha. Atakunywesha dawa, utairudisha yote."

"Mate tu inanishinda kumeza, Papa Falone. Hiyo dawa nitaimeza namna gani?"

Binti yao Falone alikimbia kumwita jirani, Mama Bibiche, infirmière wa kituo cha afya. Bibiche, aliyekwisha kuambiwa yote njiani, alianza kusema kabla hajaingia.

"Eh, Isidore! Muntu hawezi kumeza, unataka kumutapisha? Umeshachonga sanduku yake?" Akamgeukia Valérie. "Asubuhi unakuwaka namna gani?"

"Muzima."

"Funga macho. Pumzika mpaka niseme."

Dakika chache zilipita. Kisha: "Fungua!"

Kope zilipanda. Falone alipiga kelele. Lakini Valérie alipoambiwa aangalie juu bila kupumzika, zilishuka tena.

"Munaona? Karuho haipumzikake," alisema Bibiche. "Naona ni myasthénie. Docteur wa Goma njo atahakikisha. Mishipa ya fahamu inapeleka ujumbe kwa misuli: inua, tafuna, meza. Mwili iko na walinzi wa kupigana na magonjwa. Kwako walinzi wamekosea, wanafungia ule ujumbe mulango."

"Na dada yangu?"

"Pengine ilikuwa ile ile. Haiambukizi. Na hakuna muntu aliyemulisha kitu. Ila kuko dawa zenye zinaizidisha. Kinini ni moja. Inaweza kukata pumzi."

Valérie aliangalia mikono yake. "Ni mimi njo niliomba kinini."

Bibiche alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Hukujua," alisema. "Na muuguzi wa Buleusa hakuambiwa kama macho yake ilikuwa inaanguka."

Haikumsaidia Valérie kitu. Alilia mpaka akashindwa hata kulia, maana misuli ya uso nayo ilichoka.

Walifika Goma baada ya siku nne za matope. Docteur alihakikisha. Alimpa vidonge vya kila siku, na karatasi yenye dawa za kuepuka, aionyeshe kila kituo kabla ya sindano yoyote. "Pumzi ikianza kuwa fupi, usingoje. Kimbia hospitali," alimwambia.

Jioni moja, wamesharudi nyumbani, Valérie alitafuna bugali na sombe ya majani ya muhogo mpaka akamaliza sahani. Isidore alimtazama kila tonge, kama mtu anayehesabu pesa. Ugonjwa haukuondoka, na Mapendo hakurudi.

Falone alikuwa anakusanya sahani. "Na mimi, mama? Iko mu damu yetu?"

"Docteur alisema familia inaweza kupitisha urahisi wa kuipata, haiko ugonjwa wenyewe. Wengi hawaipatake hata siku moja."

"Na nikiipata?"

Valérie alitafuta uongo mzuri. Barabarani alikuwa nao mwingi. Hapa hakupata hata mmoja.

"Kope ikishuka, hata moja, uniambie siku ile ile. Usifiche kama mimi."

Falone aliweka sahani chini. Akasogea mlangoni, penye mwanga.

"Basi niangalie sasa," alisema.

Valérie alimshika kidevu, akaangalia.