Majivu Juu ya Rundo

Mwezi wa Julai, mtaa wa Silanga, huku Kibera, huamka na baridi inayopanda kutoka bwawani. Kabla ya kunywa chai, kabla hata ya kunawa uso, Kageha alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba yao na kutumbukiza mikono yote miwili ndani ya rundo la baba yake. Lilikuwa rundo la matawi, magome, majani na unga wa mbao, nalo lilikuwa limempita kimo. Juu lilikuwa baridi kama jiwe. Ndani lilikuwa na joto kama tumbo la ng'ombe. Asubuhi lilitoa mvuke, na watoto wa majirani walisimama kando yake kuota joto wakingoja kwenda shule. Walisema rundo linapumua.

Baba yake, Wanzala, alikuwa mkata miti. Kila siku alikwenda Kawangware na mitaa iliyo jirani kufanya kazi na Githinji. Githinji alikuwa na msumeno wa injini na pikapu kuukuu. Wanzala alikuwa na kamba, panga, na mahali pa kuweka takataka za miti. Hicho cha mwisho ndicho kilichomfanya Githinji amchukue yeye na kuwaacha vijana waliomshinda nguvu, kwa maana mwenye ua akikatiwa mti hataki kuona hata jani moja likibaki chini. Kwa hiyo jioni pikapu ilishusha mzigo barabarani, na Wanzala akauteremsha kwa mkokoteni hadi nyumbani. Kukosa mahali pa kuuweka kungekuwa sawa na kukosa kazi, na Kageha alilijua hilo vizuri.

Tangu mama yake asafiri kwenda Vihiga kumuuguza nyanya, rundo lilikuwa mikononi mwa Kageha. Aliwauzia akina mama kuni. Wafuga kuku waliwekewa unga wa mbao kwenye magunia. Na kila Jumamosi alimwaga majivu ya jiko juu ya rundo, kama nyanya alivyomfundisha, kwa sababu mchwa huogopa majivu.

Jumapili moja, kamati ya mtaa iliita mkutano. Mwenyekiti wake alikuwa Mama Fatna, mwanamke wa Kinubi mwenye sauti nzito, ambaye babu zake walizaliwa Kibera wakati bado kulikuwa na msitu. Alifungua daftari na kusoma sheria sita za wanaohifadhi mbao na takataka za miti. Rundo lisipite kiuno cha mtu mzima. Likae hatua tatu kutoka ukuta wowote wa mabati. Kichochoro kibaki wazi, mkokoteni uweze kupita. Matawi yasitupwe mtaroni. Yasichomwe. Na majivu yasimwagwe karibu na mbao. Asiyetii katika wiki mbili ataondolewa rundo lake, wala hataruhusiwa kuweka jingine.

Watu wote walimgeukia Wanzala, maana hakuna mwingine aliyekuwa na rundo la kutajwa. Wanzala alitazama viatu vyake. Kageha ndiye aliyesimama.

"Mama Fatna, hatua tatu kutoka ukutani zinafika mlangoni kwa jirani. Tuliweke wapi, kichwani?"

Watu walicheka. Mama Fatna hakucheka. Alimwambia akae chini, kwamba siku atakapokuwa na nyumba yake ndipo atakapofundisha wakubwa kupima hatua.

Kesho yake shuleni, Leila, mjukuu wa Mama Fatna ambaye alikaa dawati moja naye katika Gredi ya Sita, alimtania mbele ya wenzao.

"Sasa, Kageha? Nasikia kwenu mnafuga rundo."

"Na kwenu mnafuga sheria," Kageha akajibu. "Angalau letu linawapa watu kuni."

Jioni alichukua kipande cha makaa na kuandika kwenye gogo kubwa lililotazama njia: HAPA HATUTOKI. Baba yake aliporudi alilisoma, akamwambia alifute. Kageha akauliza kama kazi ya Githinji nayo ifutwe. Wanzala akaketi kuvua viatu. Alisema watapunguza rundo Jumapili, na Jumapili ilipofika alikuwa amechoka. Katikati ya wiki Githinji akaangusha mkalitusi mkubwa kule Kawangware, na mzigo wake ukaja mara nne. Magogo yaliyokosa nafasi yalilazwa kichochoroni, yakaacha upenyo wa kupita mtu mmoja kwa ubavu. Kageha alilifunika rundo kwa turubai jeusi ili atakayekuja kulipima asijue pa kuanzia.

Jumamosi asubuhi, Wanzala alikuwa kazini. Nereah, jirani aliyepakana nao ukuta, alimlaza mwanawe Timothy, mtoto wa miaka miwili, akamwomba Kageha amsikilizie anapokimbia kuchukua mboga za sukuma wiki za kuuza. Kageha alikubali. Akazoa majivu ya jiko. Yalikuwa ya kijivu, yametulia. Alikumbuka sheria ya sita, na kwa kuikumbuka tu akapandwa na hasira. Badala ya kunyunyiza kidogo kama siku zote, alifunua turubai akamwaga karai zima, upande wa ukuta wa Nereah ambako mchwa walikuwa wameanza kujenga. Kisha akafunika tena.

Saa sita hivi Leila alipita ametumwa dukani. Alisimama upande wa pili wa magogo akasema rundo lao leo linapumua sana.

"Liache lipumue," Kageha akasema bila kuinua macho kwenye vyombo alivyokuwa akiosha.

Lakini pua yake haikukubali. Mvuke wa rundo ulikuwa na harufu ya majani mabichi na udongo. Huu ulinuka mpira unaoungua. Aliacha vyombo, akakimbia nyuma, akalivuta turubai. Lilikuwa limeyeyuka upande mmoja. Upepo ulipoingia, ulimi wa moto ukachomoza kando ya ukuta wa Nereah, na ukuta huo kwa ndani ulikuwa umepambwa kwa makaratasi na maboksi toka chini hadi juu.

Kageha hakukumbuka baadaye alivyojipenyeza kando ya yale magogo hadi mlangoni kwa Nereah. Alikumbuka tu kwamba alijigonga goti, kwamba chumba cha Nereah kilikuwa kimejaa moshi, na kwamba Timothy alikuwa ameketi kitandani akikohoa, haelewi. Alimbeba, akarudi hadi kwenye magogo, akampitisha juu yake na kumweka mikononi mwa Leila, aliyekuwa bado amesimama upande wa pili.

Watu walikuja wakikimbia na madumu ya maji. Wakakwama. Hakuna aliyeweza kupita na dumu katika ule upenyo, kwa hiyo walipokezana juu ya magogo, na maji mengi yakamwagikia miguuni mwao. Mama Fatna alifika akiwa amejifunga leso kiunoni. Aliwaambia wasimwage juu, moto uko tumboni mwa rundo, walitawanye kwanza. Wanaume wakavuta kwa majembe na reki. Mtu mmoja akamwamuru Kageha aondoke. Hakuondoka. Alishika jembe la uma akavuta pamoja nao, viganja vikachubuka, hadi kitu cha mwisho kilichotoa moshi kikazimwa matopeni.

Ukuta wa Nereah uliungua, na godoro, na nguo zilizokuwa zimetundikwa. Nereah alirudi mbio akamkumbatia mwanawe, akaketi chini palepale kwenye maji.

Ndipo maneno yakaanza. Mmoja alisema ni nyaya za umeme. Mwingine alisema ni sigara ya mpita njia. Kisha mwanamke mmoja akasema wazi kwamba anayeacha mtoto peke yake hakosi kuacha na stovu inawaka. Vichwa vikatikisika.

Wanzala alikuwa amefika wakati huo, kamba bado begani. Kageha alimwona baba yake akilitazama lile rundo lililotawanyika, na akajua anachowaza. Kama moto umetoka kwa Nereah, huenda bado wakaruhusiwa kuweka rundo. Kunyamaza kungetosha. Hakuna aliyemwona na karai.

"Stovu haikuwaka," Kageha alisema. "Ni mimi. Nilimwaga majivu juu ya rundo. Nilijua sheria inakataza. Ndiyo maana nikamwaga mengi."

Mzee mmoja wa kamati akanong'ona kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kisha akapaza sauti: magogo yote yaondoke leo, na Wanzala asilete hata kijiti tena.

Machozi yalikuwa karibu, lakini Kageha hakuyaruhusu.

"Rundo liondoke, sawa. Kosa ni langu. Lakini sheria yenu imetwambia tusiweke wapi. Haijatwambia tuweke wapi. Mkimfukuza baba, miti ya Kawangware haitaacha kukatwa. Ataletwa mtu mwingine, naye atatupa mtaroni, na mvua ikija maji yataingia majumbani mwenu."

"Mtoto huyu hana adabu," mzee akasema.

"Adabu hana," Mama Fatna alijibu taratibu. "Lakini hajasema uongo, mara zote mbili."

Siku ileile kamati ilikaa na Wanzala. Wakulima wa mboga walioko chini karibu na bwawa waliitwa pia, na ikajulikana kwamba wao walikuwa wakitafuta majani na maganda ya kufunika mashamba yao. Kulikuwa na kiwanja wazi pale, mbali na nyumba. Wakakubaliana Wanzala ahamie huko. Majani yangegawiwa wakulima kabla hayajalala hata usiku mmoja. Magogo yangekatwa mafupi na kupangwa juu ya mawe. Unga wa mbao ungeanikwa kabla ya kutiwa maguniani, na kilichobaki kisipite kiuno, kigeuzwe kila baada ya siku mbili ili joto litoke. Majivu yangekaa kwenye debe la bati hadi yapoe kabisa. Githinji aliposikia kwamba itambidi atenganishe majani na matawi kulekule mti unakokatwa, alinung'unika kwamba sasa Wanzala ndiye bosi. Lakini alitenganisha, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na kiwanja. Wanzala akabaki na kazi yake.

Kageha naye hakuachwa hivihivi. Baba yake alimpangia Jumamosi tatu nyumbani kwa Nereah, kusugua masizi, kubandika maboksi mapya na kumlea Timothy. Jumamosi ya kwanza Nereah hakumsemesha hata neno. Ya pili alimpa chai. Ya tatu alimwambia mtoto sasa analia Kageha akiondoka, na hilo ni tatizo jingine alilomletea.

Jumamosi hiyohiyo jioni, Mama Fatna aliteremka kiwanjani kukagua. Alimkuta Kageha akipanga kuni, akaketi kwenye gogo na kumwita. Kageha alikaribia akiwa amekaza uso, tayari kubishana.

"Ile sheria ya sita niliiandika mimi," Mama Fatna alisema. "Ni kwa ajili ya jambo lililotokea wewe hujazaliwa. Moto ulichoma nyumba kumi na moja, na mama mmoja mzee hakutoka. Watu walisema ni umeme. Majivu yalitoka kwenye jiko langu, Kageha, na mimi nilinyamaza. Wewe hukunyamaza."

Kageha aliweka chini kuni alizokuwa ameshika, na Mama Fatna akaendelea.

"Kosa langu ni kuwasomea watu sheria bila kuwaeleza sababu. Kosa lako ni kuivunja kwa sababu tu ni sheria. Huo mdomo usiufunge, mtaa huu unauhitaji. Lakini kabla hujapigana na sheria, iulize imezaliwa na nini. Kuna iliyozaliwa na uonevu. Hiyo ipige, nami nitasimama nyuma yako. Na kuna iliyozaliwa na kilio cha watu. Ukiivunja hiyo, unawaita waliolia walie tena."

Alitoa lile daftari kwenye mkoba wake akalifungua kwenye ukurasa wa sheria sita. Kageha alizisoma zote kwa macho. Bado kulikuwa na moja ambayo hakuipenda. Aliiwekea kidole akauliza imezaliwa na nini, na Mama Fatna akasogea kwenye gogo ili ampe nafasi ya kukaa.